Nani anaambiwa asubiri mbinguni?

Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Aprili 2023 polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, na hesabu ya miili ikaja kupita 400. Waliookolewa walieleza mafundisho ya kufunga chakula hadi kufa ili kumwendea Yesu. Wa Moshi walitaka Mungu awafungulie milango hapahapa duniani. Wa Shakahola walikuwa wamefundishwa kuiacha dunia yote, pamoja na shule na hospitali. Nayataja yote mawili kwa sababu kila tukijadili mali na thawabu ya milele tunaiona hatari upande mmoja tu, ule wa mhubiri mwenye msafara wa magari.

Injili ya mafanikio, ile inayoahidi baraka za mali kwa anayeamini na kutoa sadaka, inachekwa sana na watu walioshiba. Anayekaa mbele ya jukwaa lile mara nyingi ni mama mwenye genge la nyanya, hana bima, mwanawe karudishwa nyumbani kwa ada. Ukimwambia Mungu anajua habari ya kodi ya nyumba yake, hujamdanganya. Yesu aliwalisha watu wenye njaa na kuwaponya wagonjwa, hakuwaambia wavumilie hadi ufufuo. Tena wapo wengi ambao mahubiri hayo yamewatoa kilabuni. Hela ya pombe ikageuka mtaji, na nyumba ikatulia. Hilo ni tunda, tusilibeze.

Tatizo linaanza pale sadaka inapogeuzwa mkopo wenye riba. "Panda mbegu," anaambiwa, na namba ya kutuma pesa inapita chini ya kioo cha televisheni. Isipoota, kosa ni la aliyepanda: imani yake haba, au kuna laana ya ukoo haijavunjwa, kwa hiyo atume tena. Mstari unaopendwa ni Marko 10:30, ule wa kupokea mara mia "sasa wakati huu", nyumba na mashamba. Usomeni hadi mwisho. Katikati ya ahadi ileile pana maneno "pamoja na udhia", kisha ndipo unakuja uzima wa milele. Na katika hayo anayoahidiwa mtu mara mia wamo ndugu na mama, kwa hiyo haielekei kuwa hati ya mali ya mtu binafsi. Ni jamaa mpya ambamo mlango wa mwenzako umekuwa wako. Sijasikia wengi wakihubiri sehemu ya udhia.

Upande wa pili, wa wanaohubiri mbingu peke yake, nao una hesabu zake. "Msijiwekee hazina duniani" ni neno zito, lakini hubadilika ladha kulingana na kinywa kinacholisema. Enzi za ukoloni, Waafrika waliopokonywa ardhi katika nyanda za juu za Kenya walihubiriwa mbingu na makanisa ambayo yenyewe yalikuwa na mashamba. Leo mwajiri anayechelewesha mishahara miezi mitatu anaweza kusimama madhabahuni kuwasihi watu wasipende fedha. Yakobo aliwajua watu wa namna hiyo. Katika sura ya 5 anasema ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Kwake yeye, hukumu ya siku za mwisho inamtisha mwenye shamba. Kibarua hakuambiwa aache kudai.

Hapo ndipo ninapopimia mahubiri ya aina zote mbili: nani anaambiwa asubiri? Akiwa ni maskini peke yake, basi mbingu imefanywa kisingizio. Paulo anapomwandikia Timotheo (1 Timotheo 6:17-19), agizo la kutoutumainia utajiri, la kuwa tayari kutoa mali na kushirikiana na wengine, linawaendea matajiri kwa jina lao. Tena haikatazwi furaha: Mungu hutupa vitu "ili tuvitumie kwa furaha". Kwa hiyo hata wale wanaodhani utakatifu ni viatu vilivyotoboka hawana pa kushika hapo.

Tunao mfano wa karibu. Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba na wokovu lililoshika moto Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa wa watu waliosubiri mbingu kwelikweli. Lakini aliyeokoka hakuishia kuimba. Alitubu mbele za watu, akarudisha alichoiba kwa mwajiri wake, akalipa madeni. Ukali wao uliwachosha wengi, maana waliweza kumhukumu mtu hata kwa mavazi. Hata hivyo mbingu waliyoingoja iliwagusa mfukoni mwao wenyewe kwanza, na jirani aliyekuwa akiwadai alipata chake bila kusubiri kiyama.

Linganisha na tulipo. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamua kurudisha fedha ambazo Rais Ruto alikuwa amezitoa kwenye kanisa la Soweto, jijini Nairobi. Wapo waliouliza, kwa haki kabisa, kwa nini uamuzi huo uje baada ya miaka mingi ya harambee za wanasiasa kanisani. Ni swali zuri. Bado ni mara chache taasisi yenye ujenzi unaongoja kukubali hasara ya namna hiyo, na ningependa kuona itarudiwa siku mtoaji atakapokuwa mfanyabiashara mkimya badala ya mwanasiasa anayepigwa picha.

Kuna jambo dogo zaidi, lililo karibu na kila muumini: bahasha na kadi ya zaka. Nimeona familia zikihangaika msiba ukiwa ndani, kwa kuwa marehemu alikuwa na deni la matoleo na kiongozi wa mtaa anataka limalizwe kabla ya ibada ya mazishi. Wanaotetea utaratibu huo wana hoja: kanisa linaendeshwa kwa michango, na wapo wenye uwezo wanaojitokeza siku ya jeneza tu. Sawa. Lakini kadi haiulizi kama marehemu alikuwa na mshahara au alikuwa kitandani mwaka mzima. Kama kweli tunaamini hazina ya marehemu iko mbinguni, wazee wa kanisa wanaweza kumsamehe deni hilo hukuhuku, kwa kikao kimoja na saini ya mhazini.