Wajenzi wa Qatar: deni linaanzia kwa wakala

Qatar ina watu kama milioni 3, na raia hawafiki mmoja kati ya watano. Viwanja 7 vipya vya Kombe la Dunia la 2022, metro ya Doha na mji wa Lusail ni kazi ya mikono ya wageni: Wanepali, Wahindi, Wabangladeshi, na Waafrika pia. Wanaoitetea nchi hiyo husema kila upande umefaidika, na hawasemi uongo. Nepal, fedha zinazotumwa nyumbani na walio nje, Ghuba ikiwemo, zimezidi asilimia 20 ya pato la taifa. Hizo ni ada za shule na mabati ya nyumba.

Sheria nazo zimebadilika. Chini ya kafala, yaani mfumo wa kumfunga mgeni kwa mwajiri anayemdhamini (kafili), mtu hakuhama kazi bila barua ya kafili wake, wala hakutoka nchini bila kibali chake. Kibali cha kutoka kiliondolewa kwa walio wengi mwaka 2018, na sharti la barua likafutwa 2020. Machi 2021 kikaanza kima cha chini cha mshahara: riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyetoa malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Wakosoaji wanaodai hakuna kilichobadilika wanaiharibu hoja yao wenyewe.

Ila mageuzi hayo yanamkuta mtu akishatua Doha, wakati deni limeanzia kijijini. Tuchukue mfano: kibarua anamlipa wakala aliyemtafutia kazi dola 1,500 alizokopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Hizo ni kama riyali 5,460. Akitenga 700 katika kila mshahara wa 1,000, anamaliza karibu na mwezi wa tisa. Mishahara miwili ya mwanzo isipolipwa, riba haingoji, na anamaliza karibu na mwezi wa kumi na mbili. Mikataba mingi ni ya miaka miwili, kwa hiyo nusu imeshakwenda kwa mkopeshaji. Mtu huyu sheria inamruhusu kuhama kwa notisi ya mwezi mmoja. Nani atalipa rejesho akiwa katikati ya kazi mbili?

Na mishahara huchelewa kwa sababu inayojulikana. Mwenye mradi hulipa mkandarasi mkuu kwa hatua zilizothibitishwa. Mkuu humlipa mkandarasi mdogo akishalipwa. Mdogo huwalipa vibarua mwisho kabisa. Malipo ya hatua moja yakibishaniwa, wasuka nondo na wamwaga zege ndio wanaoukopesha mradi bila kuombwa. Tangu 2015 mishahara hupitishwa benki ili wizara ione nani amechelewesha. Mfumo huo unasaidia, lakini unaona fedha tu. Hauoni saa za ziada, ambazo kisheria zina nyongeza isiyopungua asilimia 25. Saa huandikwa na msimamizi, na daftari ni lake.

Kwenye joto Qatar ilipiga hatua ya maana. Tangu 2021, kazi ya nje haifanywi kati ya saa 4 asubuhi na saa 9:30 alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Muda wowote mwingine kazi husimama kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kikizidi nyuzi 32.1. Kipimajoto cha kawaida hudanganya hapa: unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki, na mwili haupoi. Palipo na udhaifu ni kwenye vifo. Cheti kikiandikwa "moyo ulisimama" bila uchunguzi wa mwili (na kila marehemu moyo wake umesimama), kifo hakihesabiwi kuwa cha kazini na familia haipati fidia.

Nikiulizwa pa kuanzia, nitasema ada ya wakala. Kamati iliyosimamia ujenzi wa viwanja ilikubaliana na wakandarasi kadhaa wawarudishie wafanyakazi ada hizo kidogo kidogo, hata wasio na risiti, kwa kuwa wakala hatoi risiti. Linawezekana, basi. Wakandarasi hujibu kwamba anayeingiza gharama hiyo kwenye zabuni yake anashindwa na aliyemwachia kibarua mzigo. Jibu hilo lina uzito pale tu sharti linapokuwa la mradi mmoja mmoja; likiwa la kila zabuni ya serikali, ada ya kuajiri inakuwa gharama kama nondo na saruji.