Disgaea: utani uliofichwa kwenye kanuni

Mfalme wa kuzimu amefariki, na mwanawe Laharl hana habari: amelala ndani ya jeneza miaka miwili. Anapozinduka anamkuta mtumishi wake Etna kamsimamia, silaha zimezagaa huku na huko. Etna anajitetea kwamba alikuwa anamwamsha tu. Hivyo ndivyo inavyoanza gemu ya kwanza ya Disgaea, iliyotoka mwaka 2003 kwa PlayStation 2. Walioitengeneza ni Nippon Ichi Software, kampuni isiyo kubwa kutoka mkoa wa Gifu, Japani, na tangu hapo hawajaacha: mwaka 2023 ilitoka ya saba.

Wanaoisifu Disgaea husifu zaidi maneno ya wahusika, vile wanavyokatana kauli na kuchambana. Ni kweli yanachekesha. Lakini mimi nadhani utani mkubwa wa Disgaea haumo kwenye mazungumzo, umo kwenye kanuni za mchezo wenyewe. Na humohumo ndimo uliko ugonjwa wake.

Chukua Bunge la Giza. Unataka duka liuze bidhaa bora zaidi, au ufunguliwe ramani mpya. Wewe ni mwana wa mfalme, ungetarajia utoe amri tu. Hapana, sharti upeleke hoja, wajumbe wapige kura. Kabla ya kura unaruhusiwa kuwapenyezea zawadi, na kila mmoja ana bei yake. Hoja ikianguka bado hujashindwa: unaweza kuingia ukumbini na kuwatwanga waliosema hapana, na ukiwashinda, hoja imepita. Hakuna mhusika anayekuhutubia kuhusu siasa. Unatoa hongo kwa mkono wako, unahesabu kura, halafu unajikuta unacheka peke yako. Sidhani kama msomaji wa kwetu anahitaji kufafanuliwa zaidi.

Au wachukue akina Prinny, ambao wamekuwa nembo ya mfululizo mzima. Ni roho za watu waliokufa na dhambi, zikashonewa ndani ya umbo la pengwini, zinafanyishwa kazi kwa ujira wa kijungujiku mpaka zilipe deni lao. Katika mapigano, ambayo ni ya zamu kwa zamu juu ya uwanja wa miraba, mwenzako unaweza kumbeba na kumrusha mbali. Prinny ukimrusha, analipuka. Basi mtumwa wa kuchekesha anageuka bomu, na wewe ndiye uliyemrusha. Kisha, baadaye katika gemu ya kwanza, mwezi unakuwa mwekundu, roho zilizomaliza adhabu zinapaa, na mmoja wa hao Prinny ana uhusiano na Laharl ambao sitautaja hapa. Kicheko kinakwama kooni.

Sasa tuje kwenye lawama. Leveli ya juu ya mhusika ni 9999, ilhali adui wa mwisho wa hadithi ya kwanza hafiki hata leveli 100. Yote yaliyo juu ya hapo ni kurudia. Ukichoka kupanda, unaweza kumfanya mhusika azaliwe upya, aanze leveli ya kwanza akiwa na nguvu kuliko awali, mpande tena. Kila kifaa nacho, hata upanga wa bei poa, kina ulimwengu wake ndani: ghorofa 30, na kwa vile vilivyo adimu kabisa 100, na kila ukishuka moja kifaa kinaimarika. Mlango wa kutokea haujitokezi ila kila baada ya ghorofa kumi. Nimewahi kukesha kwa namna hiyo, jicho limeshasinzia, kidole kinaendelea kubonyeza.

Kinachoniuma zaidi ya muda ni kwamba kurudia huko kunaua fumbo. Ramani za Disgaea zina miraba ya rangi yenye nguvu tofauti: huu unaongeza uharibifu, ule unamfanya adui asidhurike kabisa. Ukivunja jiwe linaloipa miraba nguvu hiyo, rangi zinabadilika kwa mfuatano na uwanja mzima unalipuka kama fataki. Ni ufundi wa kweli. Ila mchezaji aliyekwisha kupanda leveli elfu mbili hana sababu ya kulitazama hilo jiwe. Anapiga mara moja, basi.

Upande wa maneno, sehemu nyingine zimechuja vibaya. Vijembe kuhusu vifua vya wanawake vilikuwa hafifu tangu mwaka 2003, na vimerudiwa gemu baada ya gemu. Valvatorez wa gemu ya nne (2011), mnyonya damu anayekula sadini, samaki walio ndugu wa dagaa, na kuzihubiri kama dini, anachosha kidogo mara ya hamsini. Lakini huyo namsamehe. Alipoteza nguvu zake zote kwa kuwa aliahidi kutokunywa damu, na miaka 400 baadaye bado hajavunja ahadi. Nyuma ya dagaa kuna mtu.

Gemu ya sita, ya mwaka 2021, ndiyo iliyonithibitishia hoja yangu. Watengenezaji walisikia malalamiko ya kurudia, wakaweka mapigano yanayojiendesha yenyewe na kupandisha kilele cha leveli hadi 99,999,999. Kwenye karatasi, dawa. Kwa vitendo, unaweka kidhibiti cha gemu pembeni, unakwenda kupika, ukirudi namba zimeongezeka. Wakapunguza na aina za wapiganaji. Utani wa kanuni unahitaji mtu anayezivunja kanuni kwa mkono wake. Mashine ikimchezea, hakuna anayecheka.

Ya saba ilirudi nyuma kwa busara. Kilele kikawa 9999 tena, na kujiendesha kukawekewa mafuta maalumu ambayo lazima uyatafute kwanza. Nilishusha pumzi. Kisha nikafika kwenye duka la vifaa nikaona walichoongeza: sasa hata upanga unaweza kuzaliwa upya na kuanza safari yake mwanzo.