Upepo ulivyofichua CFC-11
Makala niliyoisoma kuhusu kutafuta vyanzo vya gesi zinazochafua hewa inaeleza vyema jinsi wanasayansi wanavyopima gesi hewani, kisha wakatumia modeli za kompyuta kufuata njia ya upepo kinyumenyume hadi zilikotoka. Ila imeusahau mfano ulio wazi zaidi, ule wa CFC-11, gesi ya viwandani inayoharibu ozoni (tabaka la angani linalotukinga na miale hatari ya jua) na kuongeza joto duniani, ambayo uzalishaji wake ulipaswa kukoma ifikapo mwaka 2010. Utafiti wa mwaka 2019, uliotegemea vituo vya kupimia hewa vya Gosan, Korea Kusini, na Hateruma, Japani, ulionyesha ongezeko la takriban tani 7,000 kwa mwaka za gesi hiyo iliyotolewa hewani kutoka mashariki mwa China, hasa majimbo ya Shandong na Hebei. Takwimu hiyo ilikuwa na shaka ya tani 3,000 juu au chini, lakini ongezeko lenyewe halikukanushika.