Paka Wote Hawa, na Mahamri Bado Yanaliwa na Panya

Mgeni akishuka gatini Lamu, picha ya kwanza ni ya paka. Paka barazani, paka juu ya mashua, paka mlangoni pa msikiti. Basi anatikisa kichwa: "Mashallah, hapa panya hamna." Nani kamwambia? Paka wa Lamu ni mwajiriwa wa soko la samaki. Asubuhi matumbo ya changu, adhuhuri vichwa, jioni mifupa ya mkahawani. Usiku ukimwonyesha panya anamtazama, anajilamba mkono, anahamia upande wa pili wa baraza. Na hata yule mwenye njaa hupendelea vitoto. Panya mzima mwenye meno yake, paka humpisha njia.

Basi kazi imebaki kwetu, na nyumba zenyewe hazitusaidii. Kuta za matumbawe zimegusana mtaa mzima, na juu ya kichochoro kuna wikio, kile chumba kinachovuka njia na kuunganisha nyumba mbili. Sisi wikio tunalipendea kivuli, panya analipendea njia. Anatoka kwa jirani, anavuka juu kwa juu, anashika boriti, anateremkia jikoni kwako bila kukanyaga ardhi. Huyo ni panya wa paa: mwembamba, masikio makubwa, mkia mrefu kuliko mwili. Yule mzito wa kuchimba hukaa chini kwenye mitaro. Sasa mtu anamtegea panya wa paa sakafuni, kisha analalamika kuwa mtego ni mbovu! Tega juu: pale boriti zinapoingia ukutani, juu ya kabati, kwenye makuti. Njia yake utaijua tu. Mwili wake una mafuta, na anapopita kila usiku huacha mchirizi mweusi. Chokaa nyeupe haimfichii mtu siri.

Haya, mtego. Ule wa ubao wa kufyatuka uweke kwa kukingama, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hutembea akijisugua ukutani. Chambo nacho watu wanaweka kama wanaandaa karamu! Kipande kikubwa panya anakimega pembeni, anashukuru, anaondoka. Kiasi cha punje ya kunde chatosha: mbata (nazi kavu) iliyobanikwa, au ng'onda wa samaki mkavu, kifungwe kwa uzi ili alazimike kuvuta. Kisha usitege. Ndiyo, usitege! Panya huogopa kitu kigeni. Acha mtego na chambo chake siku tatu nne, ale, azoee, ndipo utege. Na utege mitego mingi usiku mmoja, kwa sababu panya akishaponea chupuchupu hana haja ya kuonywa tena. Lakini nani ana subira hiyo? Siku ya pili mtego umeshahamishwa, ati wageni wanakuja.

Asiye na subira hukimbilia sumu. Mchuuzi anakuja na vikaratasi visivyo na jina, ati "akila tu, kwisha." Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na haziui papo hapo. Huchukua siku kadhaa, hata wiki. Siku hizo zote bwana mkubwa anatembea kama kawaida, mpaka anaporudi kufa kwake, na kwake ni juu ya kitanda chako. Kisha inakuja harufu, na nzi wa kijani, na mgeni anayeuliza kwa adabu kama choo kimeziba. Ile habari kwamba sumu humtia kiu akatoka kufa nje ni maneno ya muuzaji. Paka akimla panya huyo, naye yuko hatarini. Mtoto akiokota chambo, mkimbize hospitali pamoja na pakiti yake. Sumu ya aina hii ina dawa, vitamini K1, ila daktari atajuaje ni sumu gani kwa kutazama kikaratasi kitupu?

Dawa yenyewe ni kuziba, kazi ambayo hakuna anayeipenda kwa sababu haina kishindo. Tundu linaloingia kidole gumba, panya anapita. Hata la milimita 20 linamtosha. Fundi wa haraka anapaka simenti, na usiku uleule panya anaikwangua kabla haijakauka. Isitoshe, simenti kwenye ukuta wa matumbawe hufungia unyevu ndani, baadaye inabanduka na kipande cha ukuta. Shindilia kwanza wavu wa waya wenye matundu ya milimita 6, kisha ukandike kwa chokaa na mchanga. Ule waya wa kusugulia sufuria ni wa kushikizia tu. Kwa upepo wetu wa chumvi hauchukui muda, umekuwa vumbi jekundu.

Na chakula jamani! Mahamri yanafunikwa kwa kawa, watu wanalala. Kawa ni ya nzi. Panya anaiinua kwa pua. Mchele unaondolewa guniani unatiwa ndoo ya plastiki, nayo inatobolewa kwa meno. Tia kwenye debe au pipa la bati lenye kifuniko kinachobana. Maji nayo yafunikwe, kwa kuwa panya wa paa naye hunywa.

Ukikuta mavi yake, ufagio weka chini. Ukifagia makavu unapandisha vumbi lenye uchafu na kulivuta puani, na mkojo wake hubeba vijidudu vya ugonjwa wa leptospirosi. Vaa glavu, nyunyiza maji ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, ngoja dakika 5, uokote kwa karatasi.

Umefanya yote hayo? Hongera. Sasa nenda kamwambie jirani naye azibe, maana ukiziba peke yako panya wanahama tu kwa wiki mbili halafu wanarudi kukusalimu. Huyo jirani atakwambia panya wanatoka kwako. Wa pili atasema wanatoka kwa wa tatu. Na kwenye wikio, penye tundu kubwa kuliko yote, nyumba ni ya warithi kumi na mmoja, nusu wako Mombasa, na pesa ya wavu haijulikani imtoke nani.