Mwacheni Binti Asomee Tiba ya Wanamichezo

Katika kikao cha familia yetu hapa Minnesota, mpwa wangu alitangaza kwamba anataka kusomea tiba ya wanamichezo (athletic training) chuo kikuu, na mjomba wake mkubwa akamjibu mbele ya wageni kwamba hatukuvuka bahari ili mtoto aje kuwabebea wachezaji chupa za maji. Wakubwa wengine wakaitikia na kumwelekeza kwenye uuguzi, kama dada zake. Nilijaribu kumtetea pale pale, lakini sikupewa nafasi ya kumaliza, kwa hiyo namalizia hapa.

Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua kazi hii kuwa taaluma ya afya mwaka 1990. Mwanafunzi wake husoma anatomia, fiziolojia, uchunguzi wa majeraha, huduma ya dharura na namna ya kumrejeshea majeruhi nguvu za viungo, hufanya mazoezi ya vitendo chini ya usimamizi, kisha hukabili mtihani wa kitaifa kabla ya kuruhusiwa kumgusa mchezaji peke yake. Januari 2, 2023, mjini Cincinnati, Damar Hamlin, mchezaji wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Buffalo Bills, alipogongwa kifuani na moyo wake ukasimama, aliyepiga magoti na kumkandamiza kifua alikuwa Denny Kellington, mtabibu msaidizi wa wanamichezo wa timu hiyo. Hamlin yu hai, na alirudi uwanjani msimu uliofuata.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa haiko kwenye moyo uliosimama, bali kwenye joto. Mei 29, 2018, Jordan McNair, kijana wa miaka 19 aliyecheza kandanda ya Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa akiwa mazoezini akikimbia mbio za kurudiarudia, na ilipita takriban saa moja kabla ya gari la wagonjwa kuitwa. Hakutumbukizwa kwenye maji ya barafu. Alifariki Juni 13. Kilichomuua ni kiharusi cha joto, yaani mwili kupata joto kupita kiasi hadi viungo vya ndani kushindwa kufanya kazi, na kinachoniumiza ni kwamba kinatibika: mgonjwa apimwe joto kwa njia ya haja kubwa, kwa kuwa kipimo cha kwapani au mdomoni hudanganya, aingizwe mara moja kwenye hodhi la maji yenye barafu, apozwe ndani ya nusu saa, na ndipo apelekwe hospitali. Anayepozwa mapema kiasi hicho karibu kila mara hupona. Dakika hizo muuguzi yuko wodini na daktari yuko kliniki; aliye uwanjani ni mtabibu wa wanamichezo, na kwake kujua peke yake hakutoshi, kwa sababu lazima pia athubutu kumwambia kocha anayepiga kelele kwamba mazoezi ya kijana huyu yamekwisha.

Nitaambiwa kwamba Maryland ilikuwa na watabibu hao hao, na ni kweli. Rais wa chuo mwenyewe alikiri hadharani makosa yao na kubeba dhamana kwa niaba ya chuo. Zaidi ya hapo, tangu mwaka 2016 ligi tano kubwa za vyuo, ikiwemo ile ya Maryland, zilikuwa zimepitisha kanuni inayowapa watabibu na madaktari wa timu mamlaka ambayo kocha hawezi kuyapinga. Kanuni ilikuwepo na kijana akafa. Ndiyo maana nataka kazi hii iwapate vijana makini wenye msimamo, nasi hapa tunamvunja moyo mmoja wao kwa sababu jina la kazi halina uzito harusini.

Kuhusu fedha, nakubali shingo upande kwamba wakubwa wana sehemu ya haki. Shahada ya kwanza haitoshi tena, kwani sasa anayeingia kwenye taaluma hii hulazimika kufika shahada ya uzamili, na mshahara mara nyingi hauwiani na deni la masomo. Saa za kazi nazo ni za jioni na mwisho wa wiki. Binti ayajue hayo kabla ya kutia saini mkopo wowote, lakini ayajue kwa hesabu na si kwa kejeli.

Tukitaka kumsaidia, tumsindikize kwenye vyuo akaulize maswali yenye maana: iwapo programu imeidhinishwa na CAATE, tume ya Marekani inayoidhinisha mafunzo ya taaluma hii, ni wanafunzi wangapi hufaulu mtihani wa taifa mara ya kwanza, na mazoezi ya vitendo hufanyikia wapi. Aulize pia, katika viwanja atakakofanyia mazoezi hayo, mtabibu wa wanamichezo huwajibika kwa nani, daktari au kocha. Akiambiwa ni kocha, atafute chuo kingine.