Kangomba ya Ufukweni

Mkulima wa korosho wa huku kusini haelezwi kangomba ni nini. Ni masika, unga umekwisha ndani, mtoto karudishwa shule kwa kukosa sare, na mikorosho hata maua haijatoa. Anakuja mtu na noti mkononi, ananunua kwa bakuli korosho ambazo bado ziko kwa Mungu. Oktoba minada ikifunguliwa bei ni nyingine kabisa, lakini mzigo si wa mkulima tena. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kutuma wanajeshi kuzisomba, ilihakiki mashamba ili kuwanasa watu wa kangomba. Biashara hiyo haikufa. Imezaa ndugu yake, na huyo yuko ufukweni.

Mjomba wangu ana shamba la minazi upande wa Mikindani, hapa Mtwara, ekari chache zinazoteremka kuelekea majini. Dalali ameshamfuata mara tatu. Kila akija anarudia wimbo uleule: watalii wanakuja, uwanja wa ndege umepanuliwa, miji yote mikubwa ya starehe duniani ilianza na ufukwe uliolala kama huu. Nilimwambia mjomba asiuze. Akaniuliza, "Nisiuze nisubiri nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Na kwa kweli dalali hasemi uongo wote. Ipo miji iliyolala pwani ikaamka tajiri, na inafaa kuitazama kabla ya kumjibu mzee.

Tuanze na ule mfano tulioupenda zaidi. Miaka ile ya homa ya gesi, kijiweni tulikuwa tunaambizana kwamba Mtwara inakuwa Dubai. Mfano huo una utamu wake, kwa sababu Dubai ya zamani haikuwa ngeni kwa mwambao huu. Ulikuwa mji wa wapiga mbizi wa lulu na wenye majahazi, na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu ndizo zilizobeba mapaa ya nyumba za Ghuba. Lulu za kufugwa za Wajapani zikaua soko lao miaka ya 1930. Mafuta yakagunduliwa mwaka 1966, wakayageuza kuwa bandari, kiwanja cha ndege na baadaye hoteli. Lakini kule mtawala ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ardhi, na mapato ya mafuta yaliingia mji uleule. Gesi ya Mnazi Bay ilitengenezewa bomba la zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam. Mwezi Mei 2013 watu walikufa hapa Mtwara katika vurugu za kulipinga, na mwaka 2015 bomba likazinduliwa. Dubai tuiache.

Mfano unaotufaa zaidi ni Cancún, kule Meksiko. Mwishoni mwa miaka ya 1960 pale palikuwa na ulimi wa mchanga, minazi, mikoko na walinzi wachache wa shamba la nazi. Sasa tazama nani aliyepagundua. Hakuwa mwekezaji aliyekuja na miwani ya jua. Ilikuwa Benki Kuu ya Meksiko, iliyokuwa inatafuta namna ya kuingiza dola na kuwapa kazi watu wa eneo maskini. Ikaundwa taasisi maalumu ya Serikali, ikachukuliwa ardhi, ukachukuliwa mkopo wa dola milioni 21.5 kutoka Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, zikaanza kujengwa barabara, maji, umeme na kiwanja cha ndege kabla hoteli ya kwanza haijafunguliwa. Hoteli za kwanza zilifunguliwa mwaka 1974. Leo Cancún ni jiji la watu wanaokaribia laki tisa.

Ukiwa mpenzi wa maendeleo, hapo ndipo unapopiga meza. Wakulima wa Yucatán ambao wangekimbilia miji ya mbali walipata ajira karibu na kwao. Huku kwetu tunalijua hilo kwa uchungu: neno machinga, ambalo nchi nzima inalitumia kwa mchuuzi wa barabarani, inasemekana limetokana na vijana wa Lindi waliokwenda kutembeza bidhaa Dar es Salaam. Mkoa uliotoa jina la uchuuzi unapaswa kuwa wa mwisho kudharau ajira ya hotelini. Kijana anayekunja mashuka kwenye ufukwe wetu wa Msimbati kwa mshahara wa kila mwezi yuko mbele ya anayekimbizana na mgambo Kariakoo. Ipo na hoja ya bahari yenyewe. Matumbawe ya kusini yameteswa kwa baruti miaka mingi, na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, haiwezi kumshawishi mvuvi kwa hotuba. Tumbawe likianza kulisha watu likiwa hai, kila mwenye ngalawa anakuwa mlinzi wake.

Lakini Cancún ina pande mbili, na zinaonekana hata ukiwa angani. Upande mmoja ni ule ulimi wa mchanga wenye hoteli, umepinda kama tarakimu ya 7. Upande wa bara ndiko waliko waliojenga hoteli hizo, wanaotandika vitanda na kukata mananasi. Wengi walianzia kwenye vitongoji ambavyo havikuwa na maji wala lami, wakati ng'ambo nyasi zinamwagiliwa. Mpango ulimkumbuka mgeni mpaka taulo lake, mfanyakazi ukamsahau. Fukwe za Meksiko ni mali ya umma kisheria, ila hoteli zikijipanga bega kwa bega, mwananchi anapita wapi? Tatizo lilikua mpaka mwaka 2020 nchi ikaweka faini kubwa kwa anayeziba njia ya kwenda ufukweni, nusu karne baada ya kazi kuanza. Mikoko nayo ilifyekwa ili mandhari ya bahari yafunguke. Mwaka 2005 kimbunga Wilma kikafagia mchanga wa ufukwe, ikabidi mchanga uvutwe kutoka baharini kwa fedha nyingi kuurudisha. Sisi tuliouona mkoko ukizuia maji kusi linapovuma tungewaambia bure.

Upo mji mwingine ambao nauona una somo zuri kuliko huo, ingawa hauna sifa ya kifahari: Benidorm, kusini mashariki mwa Hispania. Mwaka 1950 ulikuwa na watu kama elfu tatu, wavuvi na mabaharia. Manahodha wake walisifika kwa mitego ya kudumu ya jodari, kama uzio wetu lakini mkubwa wa ajabu, na uvuvi huo ulikuwa unakufa. Mwaka huohuo akaingia meya, Pedro Zaragoza. Anakumbukwa kwa kisa cha vazi la bikini: aliruhusu wageni walivae, maaskofu wakachachamaa, naye inasimuliwa alipanda pikipiki yake ya Vespa hadi Madrid kumwona mtawala wa nchi, Franco, mwenyewe. Kisa kitamu, hata kama kimeongezwa chumvi. Kwangu mimi jambo kubwa alilofanya halina utamu wowote: mwaka 1956 alipitisha ramani ya mji.

Ramani ile ilichora barabara pana, bustani na mahali pa kujenga, wakati watu wengi bado hawajaona sababu. Mwenye shamba la lozi au mizeituni karibu na bahari akajua kipande chake kitakuwa nini kabla mgeni hajashuka. Baadhi ya familia za pale ziligeuka wenye hoteli na maduka. Kuanzia mwaka 1963 wakaruhusu majengo marefu, na ndiyo maana leo mji una maghorofa kama msitu. Wapo wanaoliita chukizo. Lakini kujenga kwenda juu kulibakiza ardhi, na kulifanya mfanyakazi wa Uingereza mwenye kipato cha kawaida aweze kumudu likizo pale. Wakazi sasa ni kama elfu sabini, na majira ya joto idadi hupanda mara kadhaa. Hata hivyo mwaka 1978 ukame uliwakamata vibaya mpaka maji yakaletwa kwa meli. Mtu wa Newala aliyekulia kwenye foleni ya ndoo atalielewa hilo bila picha.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna jambo madalali hawalitaji: Mtwara yenyewe ni mji wa mpango. Kabla ya hapo mji ulikuwa Mikindani, bandari ya majahazi ambako Livingstone alipita mwaka 1866 kuanza safari yake ya mwisho. Mtwara ilikuja na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa moja ya sehemu zake, wakaanza kujenga bandari ya kina kirefu na kulaza reli. Mwaka 1951 mradi ulishakufa ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Zilizobaki ni barabara pana za mji na nafasi kubwa kati ya nyumba, koti lililoshonwa kwa ajili ya mtu mnene ambaye hakutokea. Baadaye ikaja gesi. Kodi za nyumba mtaa wa Shangani hapa mjini zikapaa, watu wakakopa kujenga nyumba za wageni, kisha bei ya mafuta ikaanguka duniani mwaka 2014 na wapangaji wa dola wakapungua. Kwa hiyo mtu wa hapa akiambiwa "mji unaamka", ana haki ya kuuliza ni mara ya ngapi.

Naongeza kikwazo ambacho mimi nakiona kizito kuliko umbali, maana barabara ya lami ipo na daraja la Mkapa juu ya Rufiji liko wazi tangu 2003. Mji huu haujaamua unataka kuwa nini. Kuna saruji ya Dangote, kuna gesi, kuna malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayoshusha bandarini, na kuna makontena ya korosho. Vyote hivyo ni riziki ya watu na sivilaumu. Lakini mgeni anayelipa fedha nyingi kulala kimya hataki kufungua dirisha akakutana na vumbi la makaa. Benidorm ilikuwa na jodari anayekufa tu, uamuzi wake ulikuwa rahisi.

Usalama nao si wetu peke yetu. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilishambuliwa na wapiganaji waliotoka Msumbiji, na Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mpaka, ukavamiwa. Utalii una roho nyepesi: mgeni hasomi ramani kujua Mikindani iko umbali gani, anafuta safari tu. Hata bila bunduki, waulize Malindi. Waitaliano walifika kule tangu zama za kituo cha kurushia roketi cha San Marco miaka ya 1960, wakajenga majumba, na vijana wa Malindi wakajua Kiitaliano kuliko baadhi ya wanafunzi wa chuo. Uchumi wa Italia ukipiga chafya, Malindi inalala na homa.

Kwa hiyo nasimama wapi? Siwaungi mkono wanaosema tuuache ufukwe kama ulivyo. Umaskini wa Msimbati si mandhari ya kuhifadhiwa. Ule mfano mdogo wa Boma la Kale la Mikindani, jengo la Wajerumani la mwaka 1895 lililokarabatiwa na shirika la hisani la Uingereza likawa hoteli, umeonyesha kwamba mgeni anaweza kuja kwa ajili ya mji wenyewe na si mchanga tu. Ila sikubali kwamba faida itamfikia mwenyeji kwa kuchuruzika. Inategemea ardhi iko mkononi mwa nani siku bei inapopanda, na hapo sheria zetu zina nguvu kuliko tunavyozitumia. Mgeni hamiliki ardhi Tanzania, anapewa haki ya kuitumia kwa uwekezaji. Ardhi ya kijiji ina mkutano mkuu wa kijiji wenye sauti. Na ujenzi wa kudumu hauruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka baharini. Anayenunua leo kwa bei ya mihogo mara nyingi ni Mtanzania mwenzetu wa Dar es Salaam, atakayempangishia mwekezaji kesho kwa bei ya dola. Kangomba tupu, tofauti ni bakuli.

Njia ya kuikwepa ipo: kupimisha, kupata hati, kisha kupangisha kwa miaka maalumu badala ya kuuza moja kwa moja. Manispaa ikichora ramani ya Mikindani sasa, na kuonyesha wazi njia za wavuvi kufika majini, mahali pa kutia nanga na mikoko isiyoguswa, dalali atapoteza silaha yake kubwa, yaani kujua peke yake. Lakini tusimdanganye mkulima pia. Kupima kunagharimu, hati inachelewa, na kusubiri ni anasa ya aliyeshiba. Anayeuza ekari kulipa deni la hospitali hakufanya ujinga, kama yule wa korosho hakufanya ujinga.

Nilimweleza mjomba haya yote tukiwa chini ya mwembe, nikataja na Cancún. Alisikiliza kwa adabu, akaniuliza hao wa Benki Kuu kule Meksiko waliwalipa nini wale walinzi wa minazi. Sikujua. Akasema basi nimtafutie bei ya mpima ardhi. Nimeipata, ni zaidi ya alichovuna kwenye korosho za mwaka jana. Dalali amempa wiki mbili.