Karamu ya Usiku wa Manane Haimo Kwenye Fomu ya Kujiunga

Mtoto wa darasa la tano kwenye shule ya mchepuo wa Kiingereza akishaonja vitabu vya Enid Blyton, mwandishi wa Kiingereza, vya shule za bweni za wasichana, hashikiki. Viko 12: sita vya mfululizo wa St. Clare's, vilivyotoka kati ya 1941 na 1945, na sita vya Malory Towers, 1946 hadi 1951. Bado vinazunguka kwenye maktaba za shule na meza za vitabu vya mitumba, na vinastahili, kwa sababu mtoto anakimaliza kitabu kizima bila kusukumwa. Ila msomaji huyo ana miaka 10 na wahusika ni wakubwa wake, kwa hiyo anayoyasoma anayaweka akilini kama habari za maisha yanayomsubiri. Miaka michache baadaye anapokea fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza: godoro, shuka, chandarua, ndoo, tranka na kufuli, jembe au fyekeo, rimu ya karatasi.

Chukua karamu ya usiku wa manane. Wasichana wamejificha, wanakula keki, samaki wa kopo na nanasi la kopo, wanashushia soda ya tangawizi. Wazazi wengi hawajui kwamba vitabu vyote 12 vilitoka Uingereza ikiwa kwenye mgao wa chakula, ulioanza Januari 1940 na kumalizika Julai 1954. Peremende na chokoleti zilikuwa za mgao kuanzia 1942 hadi 1953, na kwa kipindi kirefu mtu mmoja alipata kama gramu 340 kwa wiki 4. Mtoto wa Kiingereza aliyeisoma karamu ile alikuwa akimeza mate sawasawa na njuka, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza, wa leo aliyechoka ugali na maharage. Hata kwao ilikuwa ndoto. Mtoto aambiwe hivyo mapema, asije akadhani bweni lake ndilo lenye kasoro.

Kuna na suala la muda. Kwenye bweni la kawaida hapa Tanzania, kuamka ni saa 11 alfajiri, kisha usafi, paredi, vipindi vya dakika 40 mpaka mchana, kazi za nje au michezo, halafu prepo, yaani kujisomea darasani, mpaka karibu saa 4 usiku. Toa kula, kufua na foleni ya maji. Inabaki saa moja, ikizidi sana moja na nusu. Riwaya nzima inaishi ndani ya saa hiyo. Zilizobaki mwandishi amezikata, maana nani atasoma kurasa 20 za kufua sare? Kabla ya kwenda kununua tranka, kaeni na mtoto mwandike siku nzima kwenye karatasi, saa kwa saa.

Urafiki nao kitabuni hukamilika haraka, sura chache tu watu wameshakuwa wa kufa na kuzikana. Njuka anayeamini hivyo humng'ang'ania wa kwanza aliyemchekea na kumfungulia tranka. Wiki ya pili karanga zimekwisha, mwenzake kahamia kwa mwingine, naye analia chooni akidhani ana ila. Hana. Marafiki wa kweli wa bweni mara nyingi hupatikana muhula wa pili, baada ya watu kuonana wakiumwa na wakiwa hawana kitu.

Linalotutia hofu hasa ni hili la kusema. Katika riwaya zile, mwanafunzi anayempelekea mwalimu habari za mwenzake ni mtu wa kudharauliwa; mkorofi hukomeshwa na wanafunzi wenyewe, kwa ujanja. Mtoto aliyemeza vitabu 12 vya namna hiyo hufika bwenini akiwa na sheria moja moyoni: usiseme. Kidato cha tatu akimnyang'anya sabuni, hasemi. Akimfulisha nguo usiku, hasemi. Akipigwa ananyamaza, anavaa sweta wakati wa joto kuficha alama mkononi. Mlezi wa bweni ana wasichana wengi mno, asipoambiwa hatajua.

Basi liwekwe wazi nyumbani, kwa maneno yasiyo na mafumbo: kupigwa, kunyang'anywa, na kuguswa mwili usipotaka, hayo matatu yanasemwa siku hiyohiyo. Mtajieni watu wawili wa kuambiwa, matroni na mwalimu mmoja, na siku ya kumpeleka mkawasalimie wote wawili naye akiwepo, awajue kwa sura. Siku ya kutembelewa msimuulize kama anafurahi, atasema ndiyo ili msihuzunike. Muulizeni nani analala kitanda cha juu yake, nani alimwazima ndoo wiki hii, sabuni imebaki kiasi gani. Kama mche mmoja umekwisha kwa siku nne, ulizeni amefua nguo za nani.